Sare Zilizopimwa Januari

"Mmewapima Januari, mnataka kuwavisha Agosti! Nani aliwatuma?"

Arlys Brandvold, fundi wetu wa sare, alikuwa ameishika moja kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya jikoni kwake. Tulikuwa ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, hapa kwetu Kettle Bend, mwezi wa tano, na maboksi ya sare mpya yamefunguliwa sakafuni. Todd Ruesch, mkurugenzi wa Walinzi wa Kinu, kikosi chetu cha ngoma na tarumbeta kinachozunguka miji kila kiangazi kushindana, alisimama mbele yake anajikuna shingo.

"Mama Arlys, hiki kitambaa kinavutika."

"Kinavutika kwenda nje. Nionyeshe kinachovutika kurudi ndani. Huyu mtoto wa tuba ana kiuno cha inchi thelathini na sita. Mwezi wa nane atakuwa na thelathini na tatu. Atavaa nini, hema?"

Pembeni alikuwepo Bryce, mbunifu tuliyemleta kwa ndege kutoka California, miwani ya jua kichwani ingawa tulikuwa chini ya paa. Akatabasamu. "Usijali, mama. Kompyuta imeshapiga hesabu zote."

"Kompyuta imewahi kubeba tarumbeta zito la tuba juani masaa kumi na mawili?"

Watu wakacheka. Todd hakucheka, na nafikiri hapo ndipo alipoamua kulisema lile alilokuwa amelificha tangu asubuhi. Akasema mbele yetu sote, na mimi mpishi nimeshika sinia la soseji, kwamba sare hizi hazina vifungo, hazina ndoano, hazina kitu cha kushonwa. Dizeli imepanda. Kwa hiyo lile tela la ushonaji, karakana ya Arlys ya magurudumu, litatufuata mpaka sikukuu ya uhuru, tarehe nne Julai, halafu litarudi nyumbani, na Arlys atarudi nalo. Nafasi yake kwenye basi atapewa mtu wa kupiga video.

"Na mwakani?" Arlys akauliza.

"Mwakani sare zitakuja nyingine kabisa, Mama Arlys. Kila mwaka mpya. Hizi tunazitupa."

Arlys akaikunja ile sare vizuri, pembe kwa pembe, akairudisha kwenye boksi. Mwanamke huyo akikasirika sana hukunja nguo. Nilimjua.

Nimepika kwenye lori la jikoni la Walinzi wa Kinu viangazi kumi na vinne, na tela lake liliegeshwa karibu na lori langu kila mji tuliofika. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, wa sita kati ya wasichana saba, na tangu akiwa mdogo alivaa nguo zilizopunguzwa kutoka kwa watano waliomtangulia. Akaingia kiwanda cha glavu, akakaa miaka ishirini na tisa akishona vidole gumba. Gumba tu. Wenzake walishona vile vinne, yeye alishona gumba, kwa sababu gumba ndilo gumu. Ukimwambia kazi hiyo inachosha alikutazama kama umemtukana baba yake.

Mumewe, Duane, aliendesha lori la ngoma. Mwaka 1983 alimwomba mkewe aje Jumamosi moja tu ashone vifungo vilivyokatika njiani. Arlys akaja na sindano mbili na mkate wa kitunguu. Jumamosi ile ikawa miaka thelathini na mitano. Kila kiangazi alilala juu ya godoro la upepo kwenye kumbi za shule, katikati ya watoto mia moja na hamsini wanaokoroma, akala chakula changu bila kukisifu, akaenda Texas na Ohio na Pennsylvania na kurudi bila kuona chochote cha huko isipokuwa viwanja vya mpira na maegesho. Duane alipofariki, mwaka 2009, tulidhani ataacha. Mwezi wa tano alikuja kama kawaida, akamuuliza dereva mpya kama anajua kurudi nyuma na tela au atawaua.

Sasa habari ya sare. Alipoanza, Walinzi walivaa koti la sufu la buluu lenye vifungo ishirini na vinne vya shaba, mikanda miwili myeupe iliyopishana kifuani, na kofia ndefu yenye unyoya. Koti moja lilikaa miaka kumi, hata kumi na miwili. Ndani yake, kwenye bitana, kila aliyelivaa aliandika jina lake kwa wino. Ungeweza kukuta majina saba yamepangana, na pengine la pili ni la kaka wa yule wa saba. Zamani zaidi, majaji walipita kwenye mstari kabla ya onyesho kutazama viatu na vifungo, na uzi mmoja unaoning'inia ulikukata sehemu ya kumi ya pointi. Ukaguzi huo ulishaisha alipokuja Arlys, lakini yeye hakuambiwa, au aliambiwa akakataa. Mwaka baada ya mwaka alipita mwenyewe kwenye mstari, mkasi umening'inia shingoni, anakata nyuzi.

Kisha mikanda ikaondolewa. Kisha koti likakatwa likawa fupi. Kisha kofia ikapoteza unyoya, na baadaye ikaondoka yenyewe, maana siku hizi watoto hawatembei tu kwa mistari. Wanakimbia, wanabiringika, wanapanda majukwaa na tarumbeta mdomoni. Kofia ndefu inafanya nini hapo? Arlys hakuwa mjinga, aliliona hilo. "Sikatai," alikuwa akisema. "Sufu Julai ni ukatili." Kweli ilikuwa ukatili. Watoto walizimia, na basi zima lilinuka mbwa aliyelowa. Kilichomkera ni nguo isiyo na akiba. Koti la sufu lilikuwa na inchi mbili za kitambaa zimefichwa ndani ya mshono, ukitaka unapanua, ukitaka unabana. Hizi mpya zilikatwa sawasawa na mwili, halafu zikachapwa picha ya mwali wa moto unaoanza bega la kushoto, unapita kifuani, unashuka hadi mguu wa kulia. Onyesho la mwaka ule lilihusu tanuri. Ukibana pembeni, mwali unakatika.

Na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu alinikera na yeye. Arlys alikuwa na daftari. Tangu 1983 alipima kila mtoto Januari na tena Agosti, na akaandika. Watu wa tuba hupoteza inchi tatu kiunoni na kuongeza moja mabegani. Wapiga ngoma ndogo hunenepa mashavu ya miguu. Wapeperusha bendera huwa wembamba kila mahali isipokuwa mikono. Zamani alikuwa akikata nguo Februari, anazishikiza kwa uzi wa muda, anamalizia mwezi wa sita. Kiwanda kipya kilitaka vipimo Februari na basi, kwa sababu kuchapa picha kunachukua muda. Bryce angekuwa na lile daftari angepunguza kila kitu kabla ya kukata. Hakulijua. Na Arlys hakumwambia.

"Dada, wape daftari," nilimwambia siku ile ya maboksi.

"Waje waniombe."

"Wakiomba utawapa?"

"Waje kwanza."

Nikamwambia kichwa chake ni kigumu kuliko viazi vyangu vya jana. Akaniambia viazi vyangu vya jana vilikuwa vigumu kweli.

Tukaondoka mwezi wa sita. Wiki ya kwanza sare zilikaa kama ngozi, na Bryce akatuma ujumbe wa pongezi kwa kila mtu. Wiki ya tatu, Iowa, joto likiwa kali mpaka lami inashika viatu, nilianza kuona mikunjo kwenye magoti. Tarehe ya mwisho ya mwezi huo, watu wa tuba walikuwa wamebeba mfuko nyuma ya makalio. Watoto wenyewe wakauita nepi. "Nani kanibadilishia nepi?" wangeulizana wakivaa. Mwali wa moto, uliotakiwa kuruka kifuani, ulilala tumboni kama soksi iliyolegea.

Arlys alisimama mlangoni mwa tela, pini zimepangwa kwenye kola, na hana ruhusa ya kuzitumia. Todd alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa mshono, eti kiwanda hakitarudisha fedha sare ikiguswa. Kwa hiyo siku nzima alishona mifuko ya virungu vya kupigia ngoma na kuzungumza peke yake. Tarehe nne Julai tulionyesha katika mji mmoja wa Illinois, na asubuhi ya tarehe tano alikuwa amefunga cherehani kwa kamba na kukunja godoro lake. Mtu wa video alishakuja, na begi lake limekaa kwenye kiti cha Arlys ndani ya basi.

Majaji wa siku hizi huzungumza kwenye kinasa sauti huku wanatazama, na walimu husikiliza kesho yake. Todd alikuwa anasikiliza mezani, karibu na lori langu, wakati nagawa mayai. Nikasikia sauti ya mwanamume mchovu:

"Miguu mizuri... naamini ni mizuri. Siioni. Naona nguo. Jamani, nguo inafika sekunde moja baada ya mtu."

Todd akaizima. Akairudisha nyuma. Akasikiliza tena, kana kwamba yule jaji angebadili mawazo. Kisha akamimina vikombe viwili vya kahawa, akavuka maegesho kwenda kwenye tela. Mimi nikagundua ghafla kwamba nahitaji kumwaga maji upande ule.

"Mama Arlys, unaweza kuzibana?"

"Mia moja hamsini na nne?"

"Bila kuukata moto."

"Na begi la nani liko kwenye kiti changu?"

Todd akanywa kahawa. "Litatoka."

"Tela linabaki mpaka mwisho. Na mwakani."

"Mpaka mwisho, naahidi. Mwakani tutaongea."

"Mwakani tutaongea," Arlys akamwigiza. "Nilikushonea suruali ukiwa na miaka kumi na saba, Todd. Ulikuwa unaomba vizuri zaidi."

Lakini akazifungua zile kamba. Siku hiyo alibana sare kumi za tuba kwa ile cherehani yake nyeusi ya chuma, mshono mnyoofu kama reli, na jioni aliziweka zimekunjwa pembe kwa pembe, anajivuna kimya kimya. Kesho yake mchana wakazivaa mazoezini. Kuna mahali kwenye onyesho watu wa tuba wote huanguka goti moja kwa pamoja. Wakaanguka. Nilisikia kutoka jikoni, kama mtu anapasua shuka.

Kumi zote. Msambani.

Uwanja mzima ulilala chini kwa kicheko. Sindano ya sufu, uzi wa sufu. Kitambaa kilivutika, uzi ukakataa. Brandt Zielke, kiongozi wa tuba, kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye shingo ya ng'ombe, alikuja kwenye tela amejifunika nyuma kwa kofia ya jua. Mlangoni pale kulikuwa na ubao mweupe. Aliyepoteza glavu au kuchana nguo kwa uzembe aliandikwa jina, na alidaiwa saa moja ya kumfumulia Arlys mishono. Ndivyo tulivyoishi. Brandt akachukua kalamu, akaandika: ARLYS, SAA 10. Saa moja kwa kila sare.

"Sheria ni sheria, Mama Arlys," akasema, na watoto nyuma yake wakapiga mbinja.

Hakuna aliyewahi kuandika jina hilo pale. Shingo ya Arlys ilikuwa nyekundu hadi masikioni. Nilitaka atukane. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Msichana wa matoazi, Mai See Xiong, akamfuata Todd. "Mama yangu anashona nguo za watoto wanaocheza kwenye barafu. Zote za kuvutika. Nimpigie?"

"Mwambieni nashukuru, simhitaji!" ikatoka sauti ndani ya tela.

Todd akampigia.

Pa Houa Xiong alifika siku iliyofuata kutoka Wausau, ameendesha saa tano, nyuma ya gari ana ovaloki mbili, zile cherehani za nguo za kuvutika, gunia la nyuzi, na ndoo ya wali wa kunata na soseji zenye pilipili ambazo watoto wangu walizimaliza wakaacha zangu. Mwanamke mfupi wa kama miaka hamsini, anatembea upesi. Akaingia kwenye tela, akainua sare moja iliyopasuka, akaitazama mshono kwa mbele na kwa nyuma.

"Nani kashona?"

"Mimi," Arlys akasema.

"Mshono mzuri sana."

"Asante."

"Kwa pazia."

Nilishika mlango nisianguke kwa kicheko. Pa Houa alikuwa ameshakalia kiti cha Arlys, kile chenye mto alioushona Duane akiwa hai, mshono umekwenda upande. Akakisogeza mbele kwa miguu bila kuomba.

"Fumua zote kumi," akasema. "Taratibu. Ukitoboa hakizibiki."

Na Arlys Brandvold, fundi wa miaka thelathini na mitano, akakaa juu ya boksi na kufumua mishono yake mwenyewe. Brandt alipita saa moja ilipotimia, akafuta kumi, akaandika tisa.

Waligombana siku nzima. Pa Houa alitaka kubana nyuma tu, kando ya zipu, ambako hakuna picha. Arlys akasema ukibana tuba mgongoni bila kuachia bega, hataweza kuinua mikono kufika mdomoni. Pa Houa akasema umejuaje. Arlys akainuka, akatoa lile daftari chini ya godoro, akaliweka juu ya meza kwa kishindo.

Pa Houa alisoma kurasa nne, kidole kinafuata mistari. "Hii ulimpa yule wa California?"

"Hakuomba."

"Angejuaje kwamba ipo?"

Mimi sikumsaidia, kwa sababu nilishamwambia awape tangu mwezi wa tano.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Arlys alisoma namba, akaweka pini. Pa Houa akashona. Arlys akafumua palipokosewa, na palikosewa zaidi na yule mwenye daftari kuliko yule mwenye ovaloki. Siku tisa, miji sita. Sare zilibanwa zote, moto ukapita kifuani pale ulipotakiwa, na kazi ilipokwisha Brandt alikuwa amepunguza namba ya ubaoni hadi ikabaki moja. Arlys hakuwahi kurudi kwenye kile kiti. Akipumzika alikitazama. Mara mbili nilimkuta ameshikilia mkono kwenye ile cherehani nyeusi, ambayo sasa ilikuwa meza ya kuwekea vikombe. Nikamuuliza kama amechoka. "Nimechoka na wewe," akasema.

Agosti tukafika Indianapolis. Wanaoingia usiku wa mwisho ni vikosi kumi na viwili. Sisi tukawa wa kumi na tatu, tumekosa kwa sehemu ya pointi ambayo huwezi hata kuipima kwa futi ya fundi. Watoto walilia wakiwa wamekumbatiana, walimu wakalaumu ngoma, ngoma wakalaumu tarumbeta.

Asubuhi Todd akawasha sauti za majaji tena, pale pale mezani. Arlys alikuja na kahawa yake akasimama nyuma, anajifanya anatafuta sukari. Jaji wa miguu alizungumza dakika kumi na moja. Alisema magoti, alisema nafasi, alisema mstari wa nyuma umechelewa. Juu ya nguo hakusema neno. Arlys alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila sukari.

Todd alimfuata. Tulikuwa tunapakia malori, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Mama Arlys, nilikuahidi tutaongea. Tela linabaki. Mwakani, na baada ya mwakani. Vipimo tutachukua Januari na Mei, na kiwanda hakikati kitu kabla hujasaini."

"Vizuri."

"Ila sare bado zitakuwa za kuvutika. Mpya kila mwaka. Na fundi mkuu..." akajikuna shingo. "Nimemwomba Pa Houa. Wewe utakuwa mtu wa vipimo."

Nilimtazama Arlys. Kiti cha basi alikuwa amekipata, kile cha cherehani kimekwenda. Nilikuwa tayari nimeshika ule mwiko mkubwa, kama ingehitajika kumtetea au kumzuia. Alipumua puani mara mbili.

"Ulipaswa kuniambia mimi kabla hujamwambia yeye," akasema.

"Ni kweli."

"Usirudie."

Akaingia kwenye tela. Pa Houa alikuwa anafunga ovaloki zake kwa blanketi, na ile nguo ya Brandt, iliyopasuka tena usiku wa onyesho akiruka kumkumbatia mwenzake, ilikuwa juu ya rundo la kutupwa. Arlys akaichomoa, akaketi juu ya boksi lake, akavaa miwani, akaanza kufumua.

"Hiyo inatupwa, mama," Pa Houa akasema.

"Najua."

"Sasa unafumua nini?"

"Imebaki saa moja."

Pa Houa akatazama ubao mlangoni, kisha saa yake ya mkononi. Hakusema kwamba amemsamehe hiyo moja, na alifanya vizuri. Alivuta ndoo ya wali, akakaa, akangoja. Mabasi yakapiga honi mara tatu. Todd akaja, akaona, akaenda kuwaambia madereva wazime injini. Saa ilipotimia, Pa Houa akainuka, akalowesha kidole kwa mate, akaifuta ile moja pamoja na jina.